Usipokee Jino

Pasi ya moto ilitua shavuni mwa Sakiusa, msimamizi wa kiwanda cha nguo, ngozi ikalia chwaaa. Kelera hakuiondoa. Aliikandamiza kwa mkono mmoja tu, maana vidole viwili vya mkono wa pili msimamizi huyo alikuwa ameshavivunja kwa rula ya chuma, kule stoo ya vitambaa, Kelera alipokataa kuvua blauzi.

"Haya, nipige tena!" alimfokea. "Mbona unalia, mwanamume mzima?"

Washonaji wenzake walizima cherehani wakasimama kutazama. Walinzi wawili walimburuta Kelera kwa nywele hadi getini, na mmoja akamwachia teke la mbavu.

Kesho yake alikuwa mbele ya Unaisi, wakili wa kituo cha wanawake wafanyakazi pale mjini Lautoka. Miaka miwili kituo kilikuwa na kufuli mlangoni, hadi serikali ilipokubali kukigharimia tena. Mwaka mmoja tu, kwa majaribio.

"Sikiliza, mdogo wangu," Unaisi alisema. "Ulimchoma ukijitetea, hakimu ataelewa. Ninaowaogopa mimi ni watu wa kwenu. Kesi zangu zote sita zimefia mkekani. Watu wa mwanamume wanakuja na jino la nyangumi, wanapiga magoti kuomba msamaha kimila, wazee wanalipokea. Jino likishapokelewa jambo limezikwa, hakuna shahidi anayefungua mdomo tena. Sasa serikali inaniuliza, wakili wa nini? Na yako ikifa, wananifungia, na wenzako kiwandani hawatakuwa na pa kukimbilia."

"Haifi," Kelera alisema. "Nataka nimwone jela, mshenzi yule."

Kazi ipo, maana Sakiusa alikuwa wa kijiji kimoja naye, tena mpwa wa mkuu wa kijiji. Kelera alifika nyumbani akamkuta baba yake, Mzee Apisai, akimenya muhogo.

"Baba, watu wa Sakiusa wakija na jino, usipokee."

Mzee alivitazama vidole vyake vilivyofungwa bendeji. "Na shavu lake likoje?"

"Nimelichoma hadi ngozi ikabanduka. Ningepata nafasi ningechoma na la pili!"

Mzee aliweka kisu chini.

"Niahidi, baba."

"Sitapokea jino la watu wale, mwanangu. Naapa."

Kelera alimwamini. Tangu azaliwe baba yake hajawahi kumdanganya hata mara moja. Isimeli, kaka yake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akadakia, "Wathubutu tu kukanyaga hapa! Nitawafyeka miguu kama miwa."

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya kesi, Kelera alikuwa akifua kwa mkono wake mmoja aliposikia makofi kutoka ukumbi wa kijiji. Yalikuwa mazito, ya viganja vilivyokunjwa, yanayopigwa polepole. Ni makofi ya watu waliokuja kuomba msamaha.

Wamekuja! Hasira zilimpanda hadi macho yakaingia ukungu. Alichomoa panga la kukatia miwa ukutani, akatimua mbio.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Isimeli, mikono ametanua.

"Rudi nyumbani, Kelera."

"Nipishe! Watamlaghai baba apokee!"

"Hapokei. Nakuambia rudi!"

"Na wewe wamekununua, eh? Si ulisema utawafyeka?"

Isimeli alimkaba shingo. Kelera akamchapa kwa ubapa wa panga usoni, pua ikapasuka, damu ikaruka hadi kwenye gauni lake. Kaka mtu akamzaba kofi lililomtoa machozi, akamgonga kichwa kwenye nguzo. Naye Kelera akaung'ata mkono ule kwa meno yote, akauma mpaka ukaachia.

Aliingia ndani akipepesuka, panga juu, tayari kumkata yeyote aliyeshika jino.

Aliyekaa mbele kabisa ya mkeka, miguu ameikunja, bendeji shavuni, alikuwa Sakiusa, na alikuwa akinyoosha mikono yote miwili ili apokee. Mbele yake Mzee Apisai alikuwa amepiga magoti, kichwa ameinamisha, jino la nyangumi viganjani.

"Binti yetu amewakosea," alikuwa akisema. "Tunawaomba, mtusamehe."