Mtafiti wa Ndege

Dakta Theodory alisimama juu ya dungu, kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, akawafokea ndege kwa sauti ya ukumbini.

"Muda wa kuwasilisha umepita! Sitaki visingizio!"

Ndege kama mia mbili wakaondoka bila kukata rufaa.

Chini, Bibi Mwanamina akapiga makofi. "Hiyo ndiyo sauti, mwanangu! Juzi ulikuwa unawanong'oneza kama unawaomba radhi."

Theodory akacheka, kisha akajishangaa. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho.

Wiki mbili nyuma, mbele ya wanafunzi mia sita, maneno yalimkauka mdomoni katikati ya somo. Akatokea mlango wa wafagizi, akajifungia chooni mpaka ukumbi ulipotulia. Madarasa matano, karatasi elfu mbili za kusahihisha, vikao vya kupanga vikao. Ilifika mahali simu ikilia, mikono inamtetemeka. Daktari alimwandikia mapumziko. Cheti akakificha ndani ya soksi.

Maana mkuu wa idara, Profesa Zefania, alikuwa na msemo wake vikaoni: "Msongo wa mawazo ni uvivu uliokwenda shule." Na mkataba wa Theodory ulikuwa mezani kwa Profesa huyo huyo, ukingoja sahihi.

Aliyemwokoa ni Bi Emmy, katibu muhtasi wa idara, aliyemkuta akitoka chooni macho mekundu. Hakumuuliza kitu. Alimpa maji, akamnong'oneza: "Nenda Maparoni, kule visiwani, kwa Bibi Mwanamina. Sema unatafiti ndege."

Basi Theodory akamtumia Profesa ujumbe kwamba yuko uwandani, anatafiti. Profesa akajibu, "Sawa." Theodory aliisoma hiyo "Sawa" mara kumi na moja, akitafuta hasira ilipojificha.

Bibi hakutaka hata kuona barua ya kibali. "Barua ya nini, baba? Mtafiti nikimwona namjua." Akampa debe bovu la kupiga, kombeo la kurushia madongo, na dungu lililokwisha tandikwa godoro. Siku mbili za kwanza mtafiti alilala tu. Bibi alikuwa akipanda ngazi na uji, anaufunika, anashuka kwa kunyata. Jioni alimtolea samaki miiba, akidai eti macho yake ya kizee yanataka mazoezi.

"Bibi, mbona huniulizi utafiti umefikia wapi?"

"Jana umekula nusu sahani, leo umemaliza. Si unakwenda vizuri?"

Theodory akaona huo ni uzee tu.

Siku ya tisa Gharibu, mwenye boti, akaja akihema. "Dakta! Profesa Zefania kanipigia simu, yuko bandarini Nyamisati. Maji yakijaa namleta hapa kwa Bibi."

"Namba yako kaipata wapi?"

Gharibu akatazama juu. "Namba yangu wanayo wengi."

Theodory akanyakua daftari, akaandika idadi ya ndege ambao hakuwahesabu: jana asubuhi mia tatu, jana mchana mia nne arobaini na mbili. Ile mbili aliiongeza ili kazi ionekane ya kisayansi.

"Bibi, akikuuliza, mwambie nafanya kazi usiku na mchana. Mwambie sijapata hata usingizi!"

"Nimdanganye mtu mzima? Umelala mpaka umenenepa." Bibi akamshika mkono, akaushikilia mpaka ukatulia kidogo. "Panda juu, mwanangu. Ndege wanashuka."

Akapanda, akalala kifudifudi, jicho kwenye upenyo wa sakafu. Kichwani alikuwa anaandaa utetezi. Mkataba ulikuwa umekwenda. Lililobaki ni kuondoka bila kulia mbele ya mtu yule.

Kabla ya adhuhuri, Profesa akatokea juu ya tuta la shamba, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, tope mpaka kwenye miwani. Theodory akamwona amekonda. Mtu yule wa kugonga meza vikaoni akasimama mbele ya Bibi, akawa hajui aiweke wapi mikono yake.

"Shikamoo, Bibi," akasema, na sauti ikamkatika. Akakohoa, akaanza upya. "Nimekuja... kuendelea na ule utafiti wangu wa ndege."

"Marahaba, baba. Karibu tena." Bibi akampokea viatu, akavikung'uta tope. "Panda ukapumzike. Safari hii mtabanana kidogo, mwenzio yuko juu."