Paka wa Wanza

Paka alikojolea viatu vya Joab kabla hata hajapewa jina.

"Huyo arudishwe alikookotwa," Joab alifoka, akivianika viatu dirishani. "Tunakwenda Johannesburg kwa barabara, Wanza. Nchi ngapi hizo! Nani kakwambia tunahitaji abiria wa tatu?"

Mkewe alikuwa akimfuta paka tongo kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Alimwokota mtaroni nyuma ya Ngome ya Mombasa, mdogo kama ngumi, ananuka mafuta ya taa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na kila mtu alisema Johannesburg kazi zimefunguka. Joab na Wanza walikuwa wameuza vyombo vyao Nairobi, wakateremka Mombasa kungoja basi la Dar es Salaam. Walipanga chumba cha juu Mji wa Kale, kwa mjane aitwaye Bimdogo.

Bimdogo aliwasikia kutwa kupitia dari. Joab analalamika: paka amenikwaruza, paka amelalia shati langu. Wanza anarudia lile lile: "Nikimwacha atakufa. Mimi sina roho hiyo."

"Mkeo ana imani, mwanangu," Bimdogo alimwambia Joab ngazini. "Usimgombeze kwa hilo."

"Imani yake itatukwamisha njiani, mama."

Asubuhi ya safari Wanza alimtia paka kikapuni, akamfunika kwa leso. Joab alibeba mabegi yote ili asikiguse kikapu. Bimdogo aliwaombea dua, wakaondoka na Dzoro, hamali wa mtaani, kuelekea stendi ya Mwembe Tayari.

Dzoro alirudi peke yake, anahema.

"Bimdogo, kumeharibika! Paka kalia ndani ya basi, utingo kafunua leso. Kasema mnyama hasafiri. Ama atupwe nje, ama mwenyewe ashuke naye. Abiria wakaanza makelele. Basi mgeni wako mmoja kashuka na paka, mwenziwe kaenda zake."

"Kaenda? Kamwacha mwenziwe stendi?"

"Hata dirishani hakuchungulia."

"Wanaume hawana haya!" Bimdogo alipiga kofi. "Kumtupa mke kwa ajili ya paka!"

Dzoro alifumbua kinywa, lakini Bimdogo alikwisha kuingia jikoni. Alibandika chai ya tangawizi, akapasha mahamri, akatandika upya kitanda cha juu. Moyoni alipanga maneno ya kumliwaza binti wa watu: kwamba bado kijana, kwamba Mungu atampa mwema zaidi, kwamba hapa ni kwao.

Mlango ulipobishwa, alikimbilia kuufungua, mikono imenyooshwa tayari.

Mlangoni alisimama Joab, macho mekundu, paka kalala ndani ya shati lake.

Bimdogo alichungulia nyuma yake, kichochoro kizima. "Wanza yuko wapi?"

"Amekwenda, mama," Joab alisema. "Ati hata Johannesburg kuna paka."