Mvuke wa Tangi la Nne

Kila mfanyakazi wa kiwanda cha sukari alikuwa na kompyuta ndogo nyumbani, iliyoendesha jiko lake na valvu moja ya mvuke kiwandani. Kompyuta kubwa ya kiwanda ikiamuru, jiko huzimika na valvu hufunguka. Kukataa kuliruhusiwa mara moja tu kwa mwezi, na Mwantumu alikwisha kukataa Ijumaa, pilau yake isiharibike.

Mumewe, Shebe, akapiga simu. "Mama Riziki, nipo ndani ya tangi la nne, nalisugua. Umepika nini?"

"Maharage."

Kompyuta ndogo ikasema, "Kubwa imeamuru mvuke, tangi la nne."

"Shebe, toka! Mvuke unakuja!"

Shebe akaangua kicheko. "Juzi ulinitoa mbio hivyo hivyo kwa utani wako. Leo hunipati!"

Jiko likazimika. Maharage yakatokota kidogo, kisha yakanyamaza.