Maswali kwa Wakili Mgeni

Hadithi hii haina hata neno moja la ziada. Isipokuwa haya niliyokwisha kuyaandika.

Afisa wa uhamiaji aliufunga mlango wa ofisi yake, akazima feni ili mgeni atoke jasho, akaketi. Mgeni hakutoka jasho. Alikaa ndani ya suti yake ya kijivu kama yuko sebuleni kwa shangazi yake, ananukia vizuri. Na manukato yale afisa aliyajua: juzi yalipanda gari la mkewe yakakataa kushuka.

Mkewe alikuwa diwani. Tangu wakili huyu aingie nchini, mama amebadilika. Wanja anapaka mpaka siku ya kikao cha mitaro. Simu anapokelea bafuni. Asubuhi ile afisa alimuuliza, kwa upole wa paka aliyeona samaki:

"Mama watoto, yule mgeni wako anatafuta nini hasa?"

"Kazi zake. Kwani vipi, una wivu?"

"Wivu? Mimi? Nauliza kama serikali."

"Basi serikali imwite, imuulize," mke akasema, akaendelea kuvaa hereni.

Serikali ikamwita.

"Nashukuru kuitwa," wakili alisema kwa lafudhi ya kwao. "Nimeomba kukuona tangu nifike. Mlangoni wananiambia afisa hapokei mtu asiyeitwa."

"Hapa nauliza mimi." Afisa aliifungua pasipoti kwa ncha za vidole, kama nepi. "Kibali chako kinasema umeingia kwa shauri la kifamilia. Familia ya nani?"

"Ya mteja wangu."

"Mbona familia hiyo kila siku iko ofisini kwa diwani? Huko ni siasa, bwana. Mgeni kujichanganya na wanasiasa ni kosa. Nitajie unaowajua, mmoja mmoja."

"Ni mmoja tu. Huyo diwani."

"Mmoja tu!" Afisa aliibwaga pasipoti mezani. "Mkikutana, mlango unakuwa wazi au umefungwa?"

"Swali hilo limo kwenye sheria ya uhamiaji?"

"Limo. Jibu."

"Umefungwa. Mambo yenyewe ni ya siri."

"Mnakaa upande mmoja wa meza? Mnakula? Nani anamkatia mwenzake nyama?"

"Diwani hali," wakili akasema taratibu. "Mara nyingi analia. Mimi humpa kitambaa."

Kitambaa! Moyo wa afisa ukawaka moto. Miaka yote ya ndoa, yeye hajawahi kumpa mkewe hata kipande cha karatasi ya chooni. Akaiona nyumba yake imebaki na mswaki mmoja. Bila yule mama angekuwa mgeni wa nani? Hata soksi zake mwenyewe hajui zinalala wapi.

"Leo hii nakufukuza nchini," alisema. "Utapanda ndege na kitambaa chako."

"Sawa, mheshimiwa. Ila nina maneno mazito, na lugha yenu inanipa taabu. Kwa lugha ya kwetu ningeyaeleza vizuri. Unaielewa?"

"Hata salamu siijui," afisa akajibu kabla swali halijatua.

"Maafisa wengi wa rika lako walikuja kwetu kwa mafunzo."

"Wengi, ndiyo. Mimi sijakanyaga."

"Wala kupita tu?"

"Hata ndotoni!"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Diwani akaingia, na wanja wake, na hereni zake. Afisa akaruka wima, akanyoosha kidole mara kwa wakili, mara kwa mkewe.

"Ahaa! Hamkuweza kukaa mbalimbali hata saa moja! Mbele ya macho yangu! Ndani ya ofisi ya umma!"

"Kaa chini, baba watoto," mke alisema. "Sikuja peke yangu."

Nyuma yake alikuwepo mama mmoja mnene mwenye mvi, amevaa koti zito la nchi za baridi na jasho linamtiririka. Akamtazama afisa kuanzia kiatu hadi kipara. Kisha akasema maneno machache kwa lugha ya kina wakili, polepole, kama anayemuuliza mtoto aliyetumwa chumvi akachelewa kurudi.

Afisa akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Mikono kifuani, akamjibu kwa lugha ileile, mbiombio, bila kigugumizi hata kidogo, mpaka wakili mwenyewe akainua nyusi.

Diwani akavuta kiti, akaketi.

"Haya, wakili, nitafsirie," alisema. "Mume wetu anasemaje?"