Udongo wa Fadhila

Udongo wa Fadhila ulikuja umefungwa kwenye leso nyeupe, kwa mafundo mawili magumu, na Mwalimu Devotha ilibidi ayafungue kwa meno.

Watoto wenzake walikuwa wameleta wa kwao hivihivi tu, kwenye mifuko ya kaptula, kwenye vikopo vya mafuta ya kujipaka, na Tumainieli kwenye kiatu. Masika yalikuwa yameanza, na hapa Same mjini mvua haikawii kukata, kwa hiyo mwalimu hakutaka kuipoteza kwa kuimba a, e, i, o, u. Kila mtoto wa darasa la awali alipewa chupa ya maji iliyokatwa shingo na punje moja ya maharage. Udongo alete mwenyewe kutoka nyumbani. Chupa inaonyesha, wangeiona mizizi ikishuka kwa macho yao.

"Huu umeutoa wapi?" aliuliza. Ulikuwa wa kijivu, si mwekundu kama wa hapa.

"Sandukuni. Kwenye nguo za mama," alisema Fadhila. "Bibi alikuwa sokoni."

Mwalimu Devotha alicheka kimoyomoyo. Kumbe Bibi Eliakunda, mtu wa kanisani vile, naye anaficha udongo wa kula kama mjamzito. Akajaza chupa ya Fadhila, uliobaki akawagawia wawili waliokuja mikono mitupu, na ile leso akawafutia watoto matope.

Basi haragwe la Fadhila likawa la kwanza kuota. Mtoto alichanganyikiwa kwa furaha. Kila asubuhi, kabla hata ya kutua begi, alikwenda dirishani kulipima kwa uzi wa katani. Wenzake walipotoka kwenda kuchokoza majongoo kwa vijiti, yeye alibaki palepale, amelikodolea macho.

"Mwalimu, litakufa kabla ya Pasaka?"

"Ukilimwagilia kidogokidogo, halifi."

"Mama anakuja Pasaka. Nataka alione."

Hapo ndipo hasira zilipompanda mwalimu. Huyo Victoria, mama yake Fadhila, aliondoka mwaka jana kwenda kupika chakula machimboni huko Chunya, mtoto akamwachia bibi. Simu yake ukipiga, haipatikani. Mwezi wa kwanza Bibi Eliakunda, na magoti yake yale mabovu, alipanda basi akamfuata hukohuko. Akarudi kakonda, kanyamaza, na ukimuuliza habari za binti yake anakujibu hilohilo moja: Pasaka tunapanda na Victoria milimani Gonja, nyumbani, wajomba wote watakuwepo.

Jamani, mwanamke mzima anafuatwa na mama yake mzazi mwisho wa nchi, na bado anagoma kurudi kwa mwanawe! Mwalimu Devotha hakuwa na mtoto. Alikuwa amemwomba Mungu hadi akachoka kuomba, na jambo hili lilimuuma vibaya sana. Siku moja alimkuta Fadhila amelisogelea haragwe lake, analinong'oneza kwamba mama ni mrefu na anajua kusuka, lisimwogope. Akatoka nje, akalia nyuma ya jiko la uji.

Siku ya kufunga shule kwa ajili ya Pasaka, Bibi Eliakunda alitokea mlangoni mwa darasa, mvua inamchuruzika, khanga imemdondokea mabegani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi aliingia moja kwa moja. "Mwalimu, kuna leso nyeupe. Nilikuwa nafunga mizigo ya safari, naikosa. Fadhila anasema aliileta huku."

"Aa, ule udongo." Mwalimu alitabasamu. "Wala usione haya, bibi. Njoo uone kazi yake."

Akamwonyesha zile chupa tatu zenye udongo ule dirishani. Bibi Eliakunda alizigusa moja moja. Majani hakuyatazama kabisa. Alikuwa anatazama chini, mle mizizi ilimojisokota kwenye kijivu.

Fadhila alikuja mbio. "Bibi, hili ndilo langu. Usiling'oe, mama hajaliona."

Mwalimu Devotha akaona sasa imetosha. Alimsubiri bibi azikusanye zile chupa, akamshika mkono, akamtoa hadi barazani.

"Bibi, utanisamehe, lakini leo nitasema. Huyu mtoto hachezi, hali vizuri, roho yake yote iko kwenye chupa kwa sababu ya mama yake. Na mama mwenyewe hata simu yake haipatikani. Umemfuata Chunya kote kule, amekuacha urudi peke yako. Ni mama wa namna gani huyo?"

Bibi Eliakunda alizikumbatia chupa zote tatu kifuani.

"Sikurudi peke yangu," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Kipindupindu kilimuua, nikafika wameshamzika, na maiti ya ugonjwa ule hawakukubali nisafiri nayo. Sikumwambia mtu hapa Same, mjukuu wangu asije akayasikia barabarani. Nilichota udongo juu ya kaburi lake, nikaufunga kwenye leso, kesho tukauzike Gonja pembeni ya baba yake. Victoria ndiye huyu, mwalimu, mliyemgawa kwenye hizi chupa."