Kesi ya Mwalimu Taratibu

Mara ya tano hiyo Mama Watoto anakalia benchi la mahakama, na mara zote tano hakuja kusikiliza kesi. Alikuja kusikia jina la mwanamke.

Kesi yenyewe alikwisha kuijua yote. Jumapili moja asubuhi, kwenye barabara ya mteremko, mahali pa mwendo wa hamsini, gari la shule ya udereva lilipigwa picha na kamera ya polisi likikimbia mia na kumi na saba. Mwenye shule ni mumewe, ambaye mji mzima unamwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu miaka ishirini na miwili neno hilo limemtoka mdomoni zaidi kuliko salamu.

"Kaka yangu huyu?" wifi yake alimnong'oneza, akijipepea kwa kipande cha gazeti. "Anayeshika breki ya baiskeli hata akiwa anaikokota? Mia na kumi na saba! Labda alikuwa anaanguka kutoka mbinguni."

Mama Watoto hakucheka. Kicheko kilimwishia tarehe ya pili, faili lilipopotea. Tarehe ya tatu shahidi alikuwa safarini, ya nne hakimu aliugua. Miguu ilimvimba, mgongo ulimwaka moto, na nyumbani alikuwa anaongea na sufuria tu.

Kwenye picha, aliyeshika usukani ni mwanamke. Jua lilipiga kioo, uso haukuonekana, lakini kilemba kilionekana vizuri. Mumewe alikuwa kiti cha pembeni, mdomo wazi, mikono juu kama mtu aliyetupiwa nyoka.

Daftari la wanafunzi analitunza Mama Watoto mwenyewe. Saa ile ya Jumapili ilikuwa tupu.

"Mwanafunzi gani asiye na jina?" alimuuliza usiku wa kwanza, na kila usiku tangu hapo.

"Mama Watoto, kuna watu wazima wanaona haya kuonekana hawajui. Wananijia kabla mji haujaamka. Nimewaahidi kufunga mdomo."

"Basi utaufungia jela."

Aligeukia ukutani.

Sasa mwalimu alikuwa kizimbani, shati limepigwa pasi na dada yake, maana mkewe alikataa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye saluni ya mtaani kwao, kilemba kichwani, akaketi karibu na dirisha. Mwaka jana alijifunza gari kwa mwalimu, na alikuwa anacheka sana, hata kwenye kona.

"Umemwona?" Mama Watoto alisema akiuma meno.

"Yule ana kesi yake ya nyumba, wifi. Usijitafutie presha."

"Kila nikija namkuta!"

"Na yeye kila akija anakukuta."

Wakaambiwa wasimame. Hakimu wa siku zote bado mgonjwa. Aliyeingia ni hakimu wa chumba cha pili, mama wa makamo, miwani puani. Watu walinong'onezana kwamba huyo hana mchezo, mwezi uliopita alimfunga hadi mpwa wa diwani. Mwalimu Taratibu alimwona, akainamisha kichwa. Mama Watoto akajua yamekwisha.

Hakimu alifungua faili. Alikaa kwenye ukurasa wa kwanza muda mrefu, kisha akaashiria kwa kalamu waendelee.

Mwendesha mashtaka alikuwa na sauti ya kunadi mitumba. "Mshtakiwa, jambo ni jepesi. Asiyetaja dereva, kosa linabaki lake. Mtaje, urudi kwa mkeo. Usipomtaja leseni inakwenda, shule inakwenda, na wewe mwenyewe unakwenda miezi sita. Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mwanafunzi wangu."

"Ana jina?"

"Aliye garini mwangu yuko mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyechelewa kushika breki."

"Au tuseme ni hawara yako?"

Ukumbi ukacheka. Wifi akaacha kujipepea.

"Hapana," alisema mwalimu, na hapo ndipo alipomtazama mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Sina hawara. Nina mke, yule pale."

Mama Watoto alijikuta amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi.

"Basi mtaje, Baba Watoto! Mtaje tu twende nyumbani! Mimi nimechoka. Hata akiwa ni yule pale dirishani, mtaje, nitamsamehe kesho!"

"Mimi?" mwenye saluni akaruka. "Mimi nimeingiaje hapo?"

"Kaa chini, mama," askari alisema, akimshika bega.

"Niliahidi," mwalimu alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nikimtaja huyu, nimewauza wote. Andikeni mnavyotaka."

Mwendesha mashtaka akageuka mbele, akaomba mahakama itoe adhabu kali iwe fundisho kwa walimu wengine. Wifi akaanza kulia chinichini. Mama Watoto hakulia. Alikuwa anahesabu moyoni nani atakuja kununua lile gari kuukuu, na miezi sita ina Jumapili ngapi.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama Watoto alifumba macho asisikie hukumu.

Alichosikia ni viatu. Alipofumbua, hakimu alikuwa amevua joho na kuliacha kitini, anashuka ngazi zile tatu, anaukata ukumbi mbele ya watu wote waliokodoa macho, mpaka kizimbani, akasimama bega kwa bega na mshtakiwa.

"Karani, andika," alisema. "Mwalimu alisema breki. Mimi nikakanyaga mafuta."