Kituo cha Zimamoto cha Bladensburg

Isack alikuwa akiomba foleni. Ndani ya gari la Profesa Anatoli, msimamizi wake chuoni, alimwomba Mungu lori lianguke mbele yao, asife mtu, ila barabara ifungwe hadi kesho. Wapi! Siku hiyo barabara kuu ya Beltway ilikuwa nyeupe, magari yanateleza tu.

"Mbona kimya, kijana? Leo si ndiyo siku yako?"

"Nimefurahi tu, Mzee."

Kufurahi gani! Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni na nje ni baridi ya Novemba.

Kisa chenyewe ni hiki. Isack alikuwa akiandika tasnifu juu ya Harlan Prewitt, msanifu majengo wa jiji la Washington enzi hizo, mtu aliyechora shule na masoko hadi wakubwa walipomfukuza kazi mwaka 1921. Kazi ya Prewitt ikiishia hapo, tasnifu nayo inaishia hapo. Tasnifu ikiisha, viza ya masomo imekwisha, rudi Dodoma. Na Eliudi, mwanawe wa pekee, ana tundu kwenye moyo. Operesheni ya pili ilikuwa mwakani, hapahapa Washington. Kwa tundu la aina yake, nyumbani hakukuwa na wa kuifanya.

Basi Isack akamwongezea marehemu ajira. Aliandika kwamba baada ya kufukuzwa, Prewitt alivuka mpaka wa jiji akajenga kituo cha zimamoto Bladensburg, na kwamba kukitafiti kutachukua mwaka mzima. Kituo alikijenga yeye mwenyewe, mezani jikoni. Akakipa mnara, matao mawili, na anwani ya mtaa ambako aliwahi kupata pancha.

Alitegemea Profesa atie sahihi, basi. Kumbe mzee akachukua funguo za gari.

"Twende tukakione. Prewitt namjua kuliko ndugu zangu wa Bukoba."

Na kweli alimjua. Alifika Marekani akiwa kijana mwembamba, akaandika kitabu ambacho hata Wamarekani wenyewe wanamsomea Prewitt humo. Njia nzima alimsimulia Isack ile shule yenye ngazi za mviringo na lile soko la paa la vioo.

"Yote yalibomolewa," alisema. "Hukuyawahi. Pole."

Kwenye taa nyekundu Isack alitaka kusema ukweli. Lakini akilini alimwona Eliudi anavyohema kwa kupanda ngazi tu za nyumbani kwao Beltsville, midomo imegeuka rangi. Akashika kitasa cha mlango. Ulikuwa umejifunga wenyewe. Angekimbilia wapi, hata hivyo?

Wakafika. Pale alipouweka mnara palikuwa na duka la matairi, mabati matupu, na mbwa aliyefungwa mnyororo. Profesa alizima gari, akashuka, akaangalia huku, akaangalia kule. Akamfuata mzee mmoja aliyekaa mlangoni mwa duka.

Yule mzee wa duka alicheka. Alizaliwa mtaa huu, na baba yake vilevile. Hapa palikuwa shamba la viazi, kisha matairi. Zimamoto? Labda kwenye ndoto.

Profesa alirudi polepole, mikono mfukoni. Isack akashuka haraka.

"Mzee, nisamehe. Ni kwa sababu ya mtoto. Sikuwa na njia nyingine, nimebanwa kila upande. Nirudishe tu chuoni, nikafungashe."

Profesa aliingia garini, akaichukua ile rasimu ya tasnifu ya Isack, akaiweka juu ya usukani, akatoa kalamu. Alikata mstari mmoja kwa hasira hadi karatasi ikachanika.

"Anwani!" alifoka. "Mtu una mgonjwa ndani ya nyumba, unaandika anwani? Andika 'kilibomolewa', mwanangu. Unadhani mimi, na shule zangu zote zile 'zilizobomolewa', nilibakije nchi hii?"